Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyesema saa ile ni ya kizee

Mpwa wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Na picha nimeiona. Saa imeujaza mkono wote, ina vitufe vitatu ubavuni, pete inayozunguka, namba zinazong'aa gizani, na chini yake umeandika, "Mjomba, nipe baraka." Nami kwa ujeuri wangu nikakurudishia picha ya Calatrava, saa ya kampuni ya Uswisi iitwayo Patek Philippe: mishale miwili, kijimshale cha sekunde kwenye kiduara chake kule chini, vijiti vya saa mahali pa namba, basi. Hujakaa hata dakika ukajibu, "Hii ya kizee, Mjomba. Haina kitu."

Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu mbili. Ya kwanza, vijana wa rika lako mliopata riziki Maskati na Dubai mnafanana sana maradhi yenu, na huenda mwingine akapona kwa dawa yako. Ya pili, ujumbe mrefu wa simu husomi.

Saa ile haina kitu, kweli. Umeiona vizuri. Ila kitu hicho unachokihesabu kuwa kasoro ndicho ambacho watu wamekuwa wakikilipia tangu 1932.

Mwaka huo Patek Philippe ilikuwa hoi. Ilikuwa kampuni ya heshima, iliyoanzishwa Geneva mwaka 1839 na mkimbizi wa Kipolandi, Antoni Patek, aliyepigana na Warusi akashindwa vita akakosa nchi. Baadaye akaungana na Mfaransa Adrien Philippe, yule aliyebuni namna ya kuitia saa kamani kwa kuzungusha kichwa chake bila kuhitaji ufunguo wa pembeni. Lakini soko la hisa la New York lilipoanguka 1929, matajiri waliozoea kuagiza saa za mfukoni zenye kengele na kalenda wakaanza kuhesabu senti. Kampuni ikauzwa. Walioinunua ni ndugu wawili, Charles na Jean Stern, ambao karakana yao hapohapo Geneva ilikuwa ikitengeneza nyuso za saa, na Patek ilikuwa mteja wao. Fikiria hilo: mafundi wa uso wamekalia kiti cha mwenye mali. Na mwaka uleule ikatoka saa iliyopewa namba 96, mama wa zote zinazoitwa Calatrava leo. Sidhani ilitokea hivihivi.

Namba 96 ina kipenyo cha milimita 31. Najua, utasema hiyo ya kike. Wanaume wa wakati ule waliivaa na hakuna aliyewadhania kitu. Tazama umbo lake. Saa nyingi za mkono za mwanzo zilikuwa saa za mfukoni tu zilizochomelewa vishikio vya waya ili mkanda upite. Kwenye 96 zile pembe nne zinazoshika mkanda zinatoka kwenye ganda lenyewe, mstari mmoja unaoteremka bila kukatika, huoni ganda limeishia wapi na pembe imeanzia wapi. Mishale ina mgongo katikati, upande mmoja unapokea mwanga na mwingine unaingia kivuli, ndiyo maana unaisoma kwa kutupa jicho tu. Vijiti vya saa ni vya dhahabu. Hata jina la kampuni halikupigwa kwa wino: lilichimbwa kwenye uso, likajazwa enameli nyeusi, likachomwa kwa moto. Wanunuzi wa saa za zamani hulitazama jina hilo kwa lenzi kabla ya kuuliza bei, kwa sababu uso uliosuguliwa ovyo au kupakwa upya hujulikana hapo kwanza.

Umeelewa ninachosema? Wameondoa, wameondoa, mpaka kilichobaki hakina pa kujificha. Ukiweka namba kumi na mbili, tarehe, mwezi, na maandishi ya kina cha bahari ambayo hutazama wala huzamii, jicho la mtu linazurura halioni kosa. Ukiacha vijiti na mishale miwili, kijiti kimoja kikikaa upande nusu ya unywele, saa nzima imeharibika.

Halafu kuna wembamba, na hapa ndipo napenda kukaa. Saa ya kuvalia nguo rasmi kazi yake ni kuingia chini ya mkono wa shati bila kunasa, na sisi watu wa kanzu twalijua hilo, maana mkono wa kanzu wenye darizi ukikwama kwenye saa nene mtu unakaa baraza nzima ukiukokota. Mtambo uliotumika miaka mingi ndani ya Calatrava, unaoitwa 215 PS, una unene wa milimita 2.55. Ndani ya unene huo wamepangwa vipande 130: kamani inayojikunja ndani ya kikopo chake, magurudumu ya meno yanayogawa nguvu yake, mawe ya yakuti ya kutengenezwa yanayozuia chuma kisisuguane na chuma, na gurudumu la mizani linalokwenda na kurudi likiongozwa na kamani nyingine nyembamba kuliko unywele wako. Linapiga mara nane kila sekunde, kwenda ni pigo moja na kurudi ni jingine. Kwa siku nzima ni mara 691,200, na halijui Ijumaa wala sikukuu.

Kutengeneza kitu kinene ni rahisi, muulize fundi saa yeyote. Mtambo mnene una nafasi, magurudumu yake mapana, kosa dogo linamezwa. Kwenye mtambo mwembamba kile kibao kinachoshikilia magurudumu kikipinda kidogo tu, gurudumu linagusa jirani yake na saa imesimama. Mwaka 2021 walipotoa Calatrava namba 6119, yenye kipenyo cha milimita 39 ili nyinyi wenye mikono mikubwa mnyamaze, waliipa mtambo mpya, 30-255 PS. Una vikopo viwili vya kamani badala ya kimoja. Wa zamani ulikwenda kiasi cha saa 44 ukishatiwa kamani. Huu unakwenda 65. Unene wake? Milimita 2.55, ileile. Umekuwa mpana, haukunenepa. Hiyo saa yako yenye vitufe vitatu naikisia ina unene wa milimita 14 au 15, na hatujui ndani yake mna nini.

Geuza saa hiyo uone mgongo, kama una kioo. Utaona mistari mipana inayopishana mwanga na kivuli, wanaiita mistari ya Geneva. Kingo za kila kipande zimekatwa mshazari zikasuguliwa mpaka zinawaka, na kwenye mabonde ya Jura wako mafundi ambao hadi leo humalizia kazi hiyo kwa kijiti cha mmea wa milimani uitwao gentian, kwa sababu kiini chake laini hushika unga wa kusugulia vizuri. Chini ya uso kuna chuma kilichopambwa kwa viduara vidogo vinavyopandana, na hapo mwenye saa hafiki. Atakayeona ni fundi atakayeifungua miaka mingi ijayo. Wewe una kofia ya vito aliyokuachia babu. Kwa mbali ni kofia nyeupe tu, mpita njia anaona kitambaa. Mpaka aisogelee ndipo aone vitundu vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja kwa sindano, miezi ya macho ya mtu. Hujawahi kumwambia babu kofia yake haina kitu.

Jambo jingine nalipenda kuliko yote, na Waswisi wenyewe sidhani walilikusudia. Uso wa vijiti hauna namba. Sisi saa yetu inaanza alfajiri. Mshale mfupi ukiwa penye saba ya Mzungu, kwetu ni saa moja asubuhi, na tangu utotoni tumezoea kusoma saa kwa kuitazama upande wa pili, namba inasema hivi nasi twasema vile. Kwenye 96 ya vijiti hakuna namba ya kubishana nawe. Kijiti ni kijiti. Mswahili anakisoma kwa hesabu yake na Mswisi kwa yake, saa imenyamaza. Sijaona saa nyingine ya Ulaya inayotuheshimu hivyo, hata kama ni kwa bahati.

Najua utaleta hoja ya simu. Hoja hiyo ilikwisha tarehe 25 Desemba 1969, Seiko walipoanza kuuza Tokyo saa ya kwarzi iitwayo Astron. Kuanzia siku ile saa ya betri ikawa sahihi kuliko kazi yoyote ya mkono, na Uswisi ikalia: viwanda vya saa vilivyokuwa na wafanyakazi karibu 90,000 mwaka 1970 vikabaki na kama 30,000 tu katikati ya miaka ya 1980. Patek kwa miaka mingi walijiwekea mpaka wa kuchelewa sekunde 3 au kutangulia sekunde 2 kwa siku. Simu yako itaicheka, na saa ya betri ya kariakoo itaicheka pia. Kwa hiyo anayenunua Calatrava hanunui wakati. Wakati ni bure, uko mfukoni mwako. Ananunua kazi ya watu walioendelea kufanya jambo gumu baada ya dunia kuwaambia halina haja. Waweza kuuita ujinga, lakini ni ujinga niupendao.

Historia ya Geneva nayo inachekesha ukiijua. Katika karne ya 16 Jean Calvin na wenzake waliubana mji kwa sheria za dini, mapambo yakapigwa marufuku, na masonara wakabaki na ustadi usio na soko. Saa haikuhesabiwa pambo, ina manufaa. Wakahamia huko, pamoja na mafundi Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa, na kufikia 1601 watengeneza saa wa mji walikuwa na chama chao. Kwa hiyo anasa hii unayoiona imezaliwa na watu waliokatazwa anasa. Ndiyo maana, nadhani, mikononi mwao dhahabu huongea kwa sauti ya chini.

Dhahabu. Tulizungumze, kwa sababu ungeliuliza tu, na mama yako angeuliza kabla yako. Calatrava nyingi ni za dhahabu ya karati 18, yaani robo tatu ni dhahabu tupu, na dhahabu kwa mwanamume wa Kiislamu hadithi zake unazijua tangu chuoni. Usidanganyike na dhahabu nyeupe. Imechanganywa na madini mengine ikabadilika rangi, lakini robo tatu ni ileile. Platinamu ni madini mengine kabisa, na wengi hawaoni tatizo nayo, ingawa muulize shehe wako, mimi si shehe. Calatrava namba 5196 iliwahi kutengenezwa kwa platinamu, na Patek wana kawaida ya kupachika kialmasi kidogo kwenye ubavu wa saa zao za platinamu, katikati ya pembe za chini, mahali ambapo huwezi kukiona mpaka uambiwe kipo. Ya chuma ndiyo adimu. Zipo 96 za zamani za chuma ambazo minadani hushindana na za dhahabu na kuzipita, mambo ya kichwa chini miguu juu. Mwaka 2020 walitoa Calatrava ya chuma namba 6007A, saa 1,000 tu, kusherehekea jengo lao jipya huko Plan-les-Ouates, na zilikwisha. Mke ukioa, yeye dhahabu ni halali yake, na milimita 31 zitamkaa vizuri. Basi ukiniambia tena hiyo ni ya kike, nitakwambia sawa, mnunulie.

Na usishtuke ukiona msalaba kwenye kichwa cha saa. Ni alama waliyoisajili 1887, msalaba wa mashujaa wa Calatrava wa Uhispania. Mashujaa hao walianza 1158 kulinda ngome dhidi ya Waislamu wa Andalusi, na ngome yenyewe iliitwa Qal'at Rabah, Waislamu hao ndio walioijenga. Kuna wazee watakaoukataa msalaba huo kwa hilo tu, na siwezi kuwalaumu. Mimi nikiuona nafikiria kwanza ngome.

Huko uliko Oman, Sultan Qaboos, Mungu amrehemu, alikuwa akiagiza saa zenye nembo ya khanjari usoni, nyingi za Rolex, kupitia duka la Asprey la London, akiwatunuku waliomtumikia. Leo zinagombewa na wakusanyaji wa dunia nzima. Nimewahi kusikia vijana wenu wakisema watatafuta saa mpya wachoreshe khanjari kama ile. Tafadhali. Ile ilikuwa zawadi ya sultani kwa mtu aliyefanya kazi. Ukijitunuku mwenyewe watu watauliza ulifanya nini.

Bei sasa. Ile 6119 ilipotoka 2021 ilikuwa karibu dola 30,000, zaidi ya riali 11,000 zenu, na tangu hapo haikushuka. Kwa pesa yetu ni kiwanja, na kwa baadhi ya mitaa ya Tanga ni kiwanja na msingi. Na usimsikilize muuzaji akikwambia ni akiba. Hao hao Patek wana saa ya chuma iitwayo Nautilus, aliyoichora Gérald Genta ikatoka 1976, na hiyo ndiyo iliyowapandisha watu wazimu. Calatrava mara nyingi ukiitoa dukani na kuiuza kesho, unapoteza. Lile tangazo lao maarufu la baba na mwana, lililoanza 1996, linalosema kwamba saa huimiliki bali unamtunzia kizazi kijacho, ni tangazo zuri, limewauzia saa nyingi. Mimi nina shaka nalo. Mtoto wako huenda akaiuza wiki ya kwanza anunue bodaboda tatu, na hutakuwepo kumzuia. Nunua ukiipenda wewe, kwa mkono wako wewe.

Ila sikwambii ununue. Nakwambia uione, uivae dakika tano, ujue kilichomo, kisha ukiendelea kuitaka ile ya vitufe vitatu nitakupa baraka na ubani nitachoma. Njia ya katikati pia ipo, na ndiyo ningeifuata kwa mshahara wako. Omega ya chuma ya miaka ya 1950, ya kutia kamani kwa mkono, milimita 35 hivi, uso wa vijiti. Familia ileile ya adabu, bila dhahabu ya kukutia mashakani, kwa bei ya simu ya maana. Fundi mzuri ataifungua, ataiosha, ataitia mafuta, na itakwenda. Hakikisha tu uso haujapakwa upya: maandishi manene yaliyoparama, au vijiti visivyolingana na alama za dakika, ondoka. Na usiivae ukienda kuogelea Qurum, hizo si saa za maji.

Ukiingia dukani vaa kanzu, ile nyeupe ya mikono mirefu, na usivae ile saa yako. Wakikukaribisha kahawa kunywa. Omba Calatrava yoyote waliyonayo na mwambie aigeuze kwanza uone mgongo. Kisha ifunge, shusha mkono wa kanzu, upandishe, ushushe tena. Nitumie picha ya mgongo, uso naujua.

Mama yako ameisoma barua hii kabla sijaiweka hadharani. Anasema saa nunua uitakayo, ila pesa ya bati za Pongwe isiguswe.

Mjomba wako,
Tanga